Daktari Aliyesalimia Kila Mtu

Mgongo wangu ulistaafu kabla yangu. Mimi nimeufuata mwezi uliopita, baada ya kuinama juu ya meza za upasuaji na mabeseni ya kunawia kwa muda ambao sasa najua ulikuwa mrefu, maana miongoni mwa wauguzi ninaowaachia kazi yumo mmoja niliyempokea mwenyewe akitoka tumboni mwa mama yake. Siku ya kuniaga mlinipa keki, katoni ya sabuni na ombi: niandike machache kuhusu kazi. Keki ililiwa kabla sijaiona. Sabuni nimeifungia kabatini. Machache ndiyo haya.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kinachotuunganisha. Nusu yenu mmetoka Uganda na Kenya, na nusu nyingine, kama mimi, mlikulia huko ukimbizini mkarudi Juba na lafudhi isiyokubalika upande wowote wa mpaka. Vyeo sitavitaja. Kila nilipopandishwa nilikabidhiwa ufunguo wa kabati lililokwisha kuvunjwa. Nitawaambia kuhusu mikono, kwa sababu ukiweka kando visu na nyuzi, upasuaji wote ni habari ya mikono: imetoka kugusa nini, na inakwenda kugusa nini.

Nilifika thieta, yaani chumba cha upasuaji, mara ya kwanza nikiwa na shahada ya uuguzi kutoka chuo kikuu kimoja Kenya, viatu vipya, na imani kwamba kunawa nakujua. Aliyenipokea alikuwa Mama Rejina, msimamizi wa thieta, mwanamke mfupi aliyejifunza kazi Khartoum enzi za zamani, na ambaye aliongea na vyombo kwa upole na watu kwa ukali. Aliniweka mbele ya beseni, akanipa brashi na sabuni. "Nawa," akasema.

Nikanawa. Akatazama.

"Tani," akasema, yaani tena.

Nikasugua kucha, katikati ya vidole, mgongo wa mkono, hadi kwenye kiwiko, nikiwa nimeinua mikono ili maji yateremke kuelekea kiwikoni na yasirudi vidoleni. Nilipomaliza nilijisikia kama askofu. Ndipo pua ikaniwasha, nikaikuna.

"Tani," akasema Mama Rejina.

"Mama, hii ni pua yangu mwenyewe."

"Pua ni yako. Mikono si yako tena, ni ya yule aliyelala pale mezani. Umewahi kumwingizia mtu pua tumboni?"

Tangu siku hiyo nimeishi na ukweli huu, na ninyi mtaishi nao: pua ya binadamu haiwashi ila mikono ikiwa safi.

Mama Rejina ndiye aliyenifundisha mashine ya mvuke ya kuua vijidudu kwenye vyombo. Ile ya kwanza ilikuwa na umbo la sufuria ya harusi na tabia za punda. Ilifanya kazi ikipenda, na ikikataa ilipiga mluzi. Tulifunga vyombo ndani ya nguo, tukabandika utepe unaotoa mistari myeusi ukipata moto, tukaomba jenereta isizime katikati. Vijana wengi wanauamini utepe ule kama Injili. Msiuamini peke yake. Kifurushi kikitoka na unyevu, kirudisheni, hata kama mistari ni myeusi kama lami. "Nguo yenye maji ni daraja," Mama Rejina alikuwa akisema. "Mdudu anavuka bila kuomba ruhusa." Na siku ambazo bomba limekauka na lori la maji halijafika kutoka mtoni, mtu akikumiminia maji kwa jagi, hakikisha kwanza ameweka simu mbali. Nimewahi kunawishwa kiatu.

Basi kwa kuwa nilisoma, na mtu aliyesoma hawezi kushika brashi bila kueleza ilikotoka, kila kundi la wanafunzi nililitesa kwa historia. Niliwasimulia wapasuaji wa zamani wa Ulaya, waliovaa koti moja miaka na miaka, damu imekauka juu yake. Koti likisimama lenyewe, mwenyewe aliheshimiwa zaidi. Niliwasimulia madaktari waliotoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuzalisha, na akina mama wakafa kwa homa, na wao wakalaumu hewa, baridi na mapenzi ya Mungu. Akatokea mmoja akawaambia wenzake wanawe kwa maji ya klorini. Vifo vikapungua. Na wenzake walichukia, kwa sababu alichokuwa akisema, ukikivua adabu, ni kwamba mikono ya waungwana ndiyo iliyokuwa ikiua. Ilibidi wengine waje baadaye, waonyeshe vijidudu chini ya hadubini, wamwagie vidonda dawa kali, wachemshe vyombo, ndipo watu wakakubali walichokuwa wameambiwa zamani.

Hapo wanafunzi hucheka, na mimi hucheka nao. Wazungu wale! Mtu anaambiwa anawe, anaona ametukanwa!

Niliisimulia habari hiyo hata kwenye semina moja katika hoteli ya Thongpiny, kwa picha za ukutani na fimbo ya kuonyeshea. Makofi yalikuwa mengi. Kisha mia ya watu waliofundishwa usafi wa mikono walisimama, wakasalimiana kwa viganja mmoja baada ya mwingine, wakaenda kula kwa mikono hiyo hiyo. Nami nilikuwa mbele ya mstari.

Nasema mia; sikuwahesabu. Nilikuwa nakula.

Miaka ikapita. Mama Rejina alikwenda kupumzika kwa wanawe, na mimi nikapewa kazi ya kuzuia maambukizi hospitali nzima, pamoja na jina la Abu Sabun, baba wa sabuni, ambalo lilinifuata hadi sokoni. Ndipo akaja Dakta Lado.

Dakta Lado alikuwa mpasuaji kijana, mzaliwa wa Juba aliyelelewa Nairobi. Alishona tumbo kwa mshono ambao mafundi cherehani wa mtaa wa Hai Jalaba wangeuonea wivu. Tena alikuwa na adabu. Mama yake alimwambia kwamba kurudi nyumbani si kushuka kwenye ndege, ni kusalimia watu. Akatii. Kila asubuhi aliingia wodi ya akina mama waliojifungua kwa upasuaji, akanawa kwenye beseni la mlangoni, kisha akampa mkono kila mgonjwa na kila muuguzaji wake: shangazi, dada, mama mkwe, jirani aliyeleta uji. Mnajua wodi zetu. Kitanda kimoja kina ukoo. Hakumruka mtu. Akina mama walimpenda hivi kwamba waliopona walichelewa kuondoka.

Lakini vidonda vilianza kuharibika. Si vyote, na si mara moja. Mama alitoka thieta vizuri, siku za mwanzo zikaenda salama, kisha mshono ukawa mwekundu, ukapata joto, ukatoa usaha. Tulilaumu thieta kwanza. Tuliijaribu mashine ya mvuke mpaka ikachoka nasi. Tulilaumu maji, nzi, vumbi la kiangazi, pamba iliyotoka Kampala. Nilimsimamia Dakta Lado akisugua mikono kabla ya upasuaji na sikuona la kusema. Alianza kukonda. Siku moja alinishika bega ukumbini.

"Mzee," akasema, "kama ni mikono yangu, niambie niende nikauze viazi."

"Daktari, mikono yako nimeiona. Ni safi."

Na kweli, pale nilipoiona ilikuwa safi.

Wakati huo huo akalazwa Kiden, jirani yangu wa Gudele, muuza chai wa Hai Jalaba. Mtoto wake wa kwanza alitoka kwa upasuaji, na sasa wa pili alikuwa amekingama tumboni. Hakuna njia nyingine ila kisu. Alikuja na mama mkwe wake, Mama Yunia, mtu wa Kajo-Keji aliyeishi Uganda miaka mingi na kurudi na Kiswahili cha huko. Mama Yunia aliizunguka wodi yote, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, akisimama kila kitanda na kuvuta hewa. Kisha akanijia.

"Abu Sabun, mimi iko na pua."

"Naiona, Mama."

"Usicheze. Kitanda ya dirisha inanuka. Mtapasua bibi ya kijana yangu, halafu na yeye inanuka vile?"

"Tunatafuta chanzo, Mama."

"Tafuta haraka. Mtoto hapana ngoja."

Kesho yake niliacha kutafuta thieta. Nilipindua ndoo pembeni mwa wodi, nikaikalia, nikatazama raundi ya asubuhi tangu mwanzo. Dakta Lado aliingia, akanawa hadi kiwikoni. Mama Rejina angetabasamu, na hilo lilikuwa jambo la nadra. Kisha akaanza kusalimia. Alimpa mkono shangazi aliyetoka kukamua nepi. Alimpa mkono dada wa mgonjwa wa dirishani, ambaye dakika ile alikuwa amekunja bandeji yenye usaha na kuitia kwenye mfuko. Akamwuliza habari za nyumbani, akacheka naye, akageuka kitanda kinachofuata, na kwa vidole vile vile akainua bandeji ya mama aliyekuwa na mshono mkavu kabisa. Wauguzi wawili walimfuata nyuma, nao wakisalimia, maana huwezi kumwachia mkubwa wako salamu zote. Dada wa dirishani akafika kwenye ndoo yangu, akaninyoshea mkono. Nikasimama, nikaupokea.

Kisha nikaketi, nikakitazama kiganja changu.

Nilimvuta Dakta Lado nje, nikamweleza. Uso wake ulibadilika.

"Mzee, nimenawa mbele yako!"

"Umenawa kabla ya kusalimia, Daktari."

Alikuwa mtu wa haki. Aliona mara moja, na akaumia mara moja. "Sasa nifanyeje? Nipite katikati ya mama za watu kama mbuzi anayevuka barabara?"

Tulianza na chupa za dawa ya kupaka mikononi, moja kila kitanda. Alimsalimia shangazi, akapaka dawa. Shangazi akatazama kiganja chake, akamtazama, akawaambia wenzake, "Amenifuta." Hakuna tusi kubwa kuliko hilo hapa mjini: kumpa mtu mkono kisha kuupangusa mbele ya macho yake. Nikampa Dakta Lado wazo la pili, nalo nilijivunia sana, kwa kuwa lilikuwa la kitaalamu. Nikamwambia asalimie kwa kiwiko.

Nilisahau jambo moja. Wakati wa korona tulisalimiana kwa viwiko mpaka nguo zikachanika, na hofu ilipoisha watu walirudi kwenye viganja kama waliofunguliwa mfungo. Tangu hapo kiwiko hakisemi habari za asubuhi. Kinasema kuna ugonjwa.

Dakta Lado akaingia na kiwiko. Alipofika kitanda cha tatu, mtu alinong'ona neno Ebola, na neno hilo halihitaji kusemwa mara mbili. Alipoitwa thieta kwa dharura, huku nyuma watu walianza kukunja mikeka. Nilipofika, Mama Yunia alikuwa ametia chupa ya chai na nguo ndani ya beseni, na Kiden ameketi kitandani akilia, tumbo lake limekaa upandeupande. Upasuaji ulikuwa kesho asubuhi.

"Tunaenda nyumbani," akasema Mama Yunia. "Gudele iko mama ya kuzalisha."

Nilijua maana yake. Mtoto amekingama, mama ana kovu la upasuaji wa zamani. Wangeingia Gudele wawili, na uchungu ungewamaliza wote. Nilisimama mlangoni nikaziba njia kwa mwili wangu, ambao hata siku hizo haukuwa wa kuziba kitu.

"Korona iko?" akauliza.

"Hapana, Mama."

"Ebola iko?"

"Hapana, haki ya Mungu."

"Basi kwa nini Daktari ananipa kiwiko kama mimi ni ukuta?"

Nikamwambia ukweli, wodi nzima ikisikia. Kwamba usaha una wadudu wadogo wasioonekana. Kwamba wanapanda mikono ya watu, wanashuka kwenye kidonda kingine. Mikono ya Daktari, yangu, ya kila anayemgusa mgonjwa.

"Na yangu?"

"Na yako, Mama."

Nikaona, kwa hesabu ya kusikitisha, kwamba nilikuwa nimemtukana mtu yule yule niliyetaka abaki. Wale madaktari wa koti la damu wangenielewa vizuri sasa. Wala sikuwa na hamu ya kuwacheka. Mama Yunia alivuta pumzi, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akafungua bakuli. Alisema hasafiri na njaa. Akaanza kula asida, ugali wetu wa huku, na bamia, kwa hasira, tonge kubwa kubwa, na mimi nikabaki mlangoni nikiomba bakuli lisiishe.

Ndipo Dakta Lado akarudi mbio. Mtu alimwambia Kiden anaondoka. Aliingia akihema, akasahau kiwiko, akasahau kila nilichomfundisha, akamnyoshea Mama Yunia kiganja. Mama Yunia alikuwa amejaa bamia hadi vifundoni mwa vidole. Hakufikiri. Alikunja mkono ukaangalia chini, akampa kifundo cha mkono. Dakta Lado akakishika, akakitikisa.

"Salaam taki, Mama."

"Salama, mwanangu."

Hakuna aliyekasirika. Mimi nilikuwa natazama kifundo kile kama mtu aliyeona moto kwa mara ya kwanza.

"Mama Yunia," nikasema, "mbona Daktari hujampa kiganja?"

"Wewe iko macho? Mkono iko na bamia! Nimpake Daktari bamia?"

"Kwa hiyo humdharau."

"Kudharau aje? Hiyo ndiyo heshima!"

Sote tunajua desturi hii. Mtu anayekula, anayekanda unga, aliyetoka shambani na udongo, hutoa kifundo, na anayesalimia hukipokea bila kinyongo, kwa kuwa kifundo kinasema: mikono yangu imeshika kazi, nawe nakuheshimu. Nilikuwa nimekitoa mwenyewe mara elfu, na kwenye semina zangu zote hakikuwahi kunijia akilini. Nilimtazama Dakta Lado. Naye alikuwa ananitazama. Taratibu akaenda kwenye beseni, akanawa, akapandisha mikono ya shati, akamwendea yule shangazi aliyefutwa. Akampa kifundo.

"Samahani, Mama. Mikono yangu iko kazini."

Shangazi aliduwaa. "Umetoka kula, Daktari?"

"Bado. Nashika vidonda. Sitaki kuwapaka."

Kisha Mama Yunia, tonge mdomoni, akasema kwa sauti ya kutoa hukumu, "Sawa. Sisi pia hatutaki bamia ya kitanda ya dirisha." Wodi ikaangua kicheko. Mikeka ikaanza kufunguliwa, mmoja, kisha mwingine. Mama Yunia alikuwa wa mwisho. Alitoa chupa ya chai kwenye beseni akaiweka juu ya kabati la kitanda, bila kunitazama.

"Kesho apasue," akasema. "Lakini mimi nitanusa."

Kiden alipasuliwa asubuhi. Mtoto alikuwa msichana, mkubwa, mwenye hasira za bibi yake. Kazi ya thieta ilikuwa nyepesi. Iliyobaki ndiyo iliyonikosesha raha, maana vidonda vyetu haviharibiki siku ya kwanza. Raundi zikaenda kwa vifundo. Dakta Lado alisalimia, akanawa kabla ya kila bandeji, na hakuna aliyeona amefutwa, kwa kuwa hakuna kiganja kilichoguswa. Msielewe vibaya: kifundo nacho kina wadudu wake. Ila hakuna anayefungua bandeji kwa kifundo. Mama Yunia alijipa ukuu wa polisi. Mgeni akiingia mkono mbele alipigiwa kelele, "Kifundo!" Siku moja mchungaji alikuja kuombea wagonjwa, kiganja wazi, akakamatwa mlangoni, akapelekwa kwenye beseni kwa mkono wa shati lake. Aliomba sala fupi kuliko kawaida.

Siku ya kufungua bandeji ya Kiden, Dakta Lado aliniambia nifungue mimi. Alisema ana shughuli. Alikuwa amesimama pale pale, hana shughuli yoyote. Nikanawa, nikang'oa utepe polepole. Kiden alifumba macho. Mama Yunia akasogeza pua yake karibu kabisa, nikamzuia kwa bega.

Mshono ulikuwa mkavu. Ngozi tulivu, mstari umenyooka kama pindo la nguo.

Akanusa. Akanusa tena.

"Hainuki," akasema.

"Hainuki, Mama."

"Hata kidogo." Alisema kama mtu aliyenyimwa ugomvi aliojiandaa nao. Kiden akaanza kucheka, akashika tumbo kwa maumivu, akacheka tena. Dakta Lado alitoka nje. Alirudi baadaye kidogo, uso umeoshwa.

Sitawadanganya kwamba tangu siku hiyo hakuna kidonda kilichoharibika. Nzi wapo, na maji ya lori ni yale yale. Lakini wodi ile ilitulia, kitanda cha dirishani kikapata mgonjwa aliyepona, na Dakta Lado akaacha kuzungumzia viazi.

Kiden alipotolewa, niliwasindikiza hadi getini, ambako mume wake alikuwa na bodaboda mbili. Dakta Lado alikuja kuaga na akatoa kifundo. Mama Yunia akakipiga kofi dogo. "Wewe, hapa si wodi. Lete mkono." Akakishika kiganja chake kwa mikono yote miwili, akakitikisa muda mrefu, akimwombea kwa lugha ya kwao, mpaka mtu wa thieta akaja kumwita. Kisha akanigeukia mimi. Aliushika mkono wangu, akaacha kutikisa, akaugeuza, akaupapasa.

"Abu Sabun! Mkono kavu kama kuni! Kwenu hapana mafuta?"

"Ni sabuni, Mama."

Alichimba kwenye beseni lake akatoa kikopo cha lulu, yale mafuta yetu ya mbegu za mti, akayachota kwa vidole vitatu. Alinipaka kiganja, mgongo wa mkono, katikati ya vidole, hadi kwenye kiwiko, kwa mpangilio ambao hata Mama Rejina asingeuambia "tani". Hakuna aliyekuwa amenishika mikono hivyo tangu utotoni.

"Usinawe mpaka kesho," akasema. "Iingie."

Nikaahidi. Wakapanda, bodaboda zikaondoka na vumbi lake kuelekea Gudele. Nilirudi polepole nikinukia lulu, ngozi imelainika kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Ndani ya wodi, mama mpya alikuwa ameletwa kutoka thieta na muuguzi alikuwa akiniita nikaangalie bandeji yake. Nilisimama mbele ya beseni la mlangoni kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha nikafungua bomba.